Mawese Niliyonywesha Kamyo ya Baba

Nianze na kosa lenyewe, kabla hamjalisikia kwa dada yangu ambaye hulisimulia vibaya: ni mimi niliyemimina chupa nzima ya mawese ya Mama ndani ya moteri ya kamyo ya Baba. Hakuna aliyenituma. Sikuwa nashindana na watoto wenzangu. Nilikuwa macho kabisa, nimenawa uso, nimepiga ishara ya msalaba, na nilijiona mganga.

Ninyi wenzangu wa darasani mnanijua. Mnajua nani alimfunga mbuzi wa mapadri kwenye kamba ya kengele, hata kama mapadri wenyewe wangali wanatafuta. Basi mtashangaa nikisema kwamba utundu wangu wote, tangu nizaliwe, haujaleta matata makubwa kama jambo hili moja nililolifanya kwa roho nyeupe.

Jumamosi iliyopita mpishi wetu aliacha sufuria ya mawese motoni akaenda kugombana na mama muuza ndakala, wale dagaa wa ziwani. Harufu ikavuka uwanja, ikaingia darasani, ikakaa nasi kwenye mabenchi. Padri akaacha kuandika ubaoni, akameza mate. Wote mlimwona. Mimi nikacheka peke yangu, nikatolewa nje, mkadhani namcheka padri. Hapana. Nilikuwa nimerudi kwetu Fizi, mtoto tena, meno mawili ya mbele yameng'oka, nasikia moteri ikinukia kama jikoni.

Baba alikuwa shofere wa Mugiriki mmoja mwenye duka Baraka, mji wa ziwani. Watu walimwita Bwana Kitambi, si mbele yake. Kamyo yake ilipanda kutoka ziwani na chumvi, vitenge na ndakala kavu, ikashuka na mihogo, maharage na watu wengi kuliko sheria ilivyotaka. Usiku mmoja ililala Baraka, usiku wa pili ililala kwetu, chini ya dirisha. Chini, Baba alikuwa mtu wa kawaida, mfupi, mwenye kupoteza viatu. Juu ya kamyo hata mgongo ulinyooka. Mama alisema ameolewa na wanaume wawili, mmoja wa nyumbani na mmoja wa kwenye usukani, na huyo wa usukani ndiye mwenye adabu.

Baridi ya Fizi asubuhi haiui mtu, lakini inamnyamazisha. Watu wa ziwani walikuja kwetu na mikono wazi na majivuno, kesho yake unawaona wamejifunga shuka hadi masikioni. Hata kamyo, iliyolala Baraka kama mfalme, ikiamka kwetu ilikuwa kizee. Baba alizungusha chuma cha kuwashia pale mbele, mara moja, mara mbili, mara tatu, ikajibu: kho, kho, kho. Kikohozi kikavu, halafu moshi, halafu kimya. Halafu kho tena.

Na ndani, mbele ya usukani, kulikuwa na taa ndogo nyekundu, ukubwa wake punje ya muhindi. Asubuhi Baba alikuwa akiniweka kwenye kiti niilinde.

"Unaona ile taa?" aliniambia. "Usiku mafuta ya moteri yote inashuka chini, inalala. Asubuhi pompi inaipandisha. Taa ikizima, njo mafuta imefika juu, vyuma vimelowana. Ukikanyaga taa ingali nyekundu, vyuma vinakulana."

Alikuwa hana saa mkononi. Mambo mafupi aliyapima kwa Baba Yetu, mambo marefu kwa rozari. Kamyo ikiwaka alianza sala, na kabla hajafika mbinguni taa ilikuwa imezimika. Kila siku hivyo. Hakuna ugonjwa wowote. Taa ilifanya kazi yake, moteri yake, na Baba yake.

Lakini nani amwambie mtoto wa miaka saba? Mimi niliona jicho jekundu na nikasikia kikohozi. Na hayo nilikuwa nimetoka kuyaugua mwenyewe. Juma lililotangulia nilikohoa hadi mbavu zikaniuma, macho yakawa mekundu kama pilipili. Mama alifanya kama wamama wote wa kwetu: alipasha mawese kwenye kijiko juu ya makaa, akaongeza chumvi kidogo, akanishika pua, akamimina. Mara tatu kwa siku. Siku ya pili nilikuwa juu ya mpapai wa jirani. Kwa hiyo dawa niliijua, ugonjwa niliujua, na mgonjwa alikuwa nje chini ya dirisha, hana mama.

Kijiko hakikutosha, tumbo la kamyo si langu. Nilingoja siku moja mchana Baba alipokwenda ofisi ya serikali, ile ya Teritwari, kuonyesha makaratasi. Chupa ilikuwa kando ya mafiga, jua limeiyeyusha vizuri, mawese mekundu ya kung'aa, yale Mama aliyoyakamua mwenyewe kutoka ngazi, matunda ya mchikichi, za shamba la shangazi kule chini, upande wa Mboko. Nilipanda kwenye gurudumu, nikafungua kile kifuniko nilichomwona Baba akikifungua kila mara, nikakunja jani la mugomba kuwa mrija, nikamimina taratibu, nikimwambia mgonjwa maneno yale yale ya Mama: "Meza, baba, meza, itaisha." Chumvi sikutia. Niliisahau, na Mungu anajua kusahau kule kuliniokoa na mangapi.

Asubuhi yake nilikaa kitini nikisubiri muujiza. Baba akazungusha. Kho, kho, ikawaka. Akaja dirishani, akaanza sala yake.

Taa haikuzimika mbinguni. Haikuzimika kwenye ufalme. Ilifika kwenye mkate wa kila siku, nyekundu vile vile, mkono wa Baba uko kwenye ufunguo tayari kuzima. Ndipo ikafumba. Baba akanitazama mimi kama kwamba mimi ndiye niliyekuwa nawaka.

"Umegusa kitu?"

"Hapana, Baba." Nami sikudanganya, au hivyo ndivyo nilivyojiona. Kugusa ni kitu kingine na kutibu ni kitu kingine.

Alishuka Baraka akiwa na wasiwasi. Kumbe Baraka, asubuhi iliyofuata, taa ilizimika kama mshumaa uliopulizwa. Akarudi kwetu anacheka. Akalala. Asubuhi: mkate wa kila siku. Safari iliyofuata taa ilivuka mkate, ikaingia kwenye makosa yetu. Ziwani mzima, mlimani mgonjwa. Na katikati, njiani, likaanza jambo la harufu.

Moteri ikichemka kwenye kupanda, ilinukia. Si harufu ya kuungua. Harufu ya sombe, kisamvu cha mawese kilichoiva, ya samaki anayeingia kwenye sufuria. Abiria waliokaa juu ya magunia walianza kugeukiana.

"Nani amefungua chakula?"

"Mama wa kitambaa cha njano, we unakula peke yako, hauone haya?"

"Mie? Niko na chumvi tu, pekua!"

"Shofere! Simamisha tukule wote, ao funika sufuria yako!"

Baba alituambia hayo jioni, akila bugali mara mbili ya kawaida. "Sijui ni uzee," akamwambia Mama. "Kila mulima nasikia njaa." Mama akacheka, akamwongeza. Wakati ule alikuwa ameshatafuta chupa yake kila mahali na kumshuku kuku, halafu jirani, halafu jirani na kuku wake.

Bwana Kitambi akasikia habari za taa. Abiria husema yote. Baba aliposhusha mzigo Baraka alimkuta amesimama mlangoni pa duka, vidole gumba ndani ya mkanda.

"Taa iko namna gani?"

"Inachelewa kidogo, Bwana. Kwa Fizi tu."

"Mimi hapana taka kidogo. Moteri nakufa, nani nalipa? Jumamosi mimi nakuja Fizi, mimi naona na macho. Taa nachelewa, kamyo nakwenda Uvira, shofere mwingine nashika. Wewe nakwenda shamba, nalima."

Baba hakujua kulima. Hilo watu wote wa Fizi walijua. Jembe mkononi mwake lilikuwa kama mwavuli mkononi mwa bata. Na nyumba yetu ilikuwa yetu kwa sababu ya ule usukani. Aliingia nyumbani akakaa, hakutafuta viatu vyake, na hata viatu vilikuwa miguuni.

Akamleta Fundi Ramazani. Huyu alikuwa mtu wa Baraka, wa familia za Waislamu wa pale ziwani, kofia nyeupe ambayo grisi haikuthubutu kuigusa. Walisema anasikiliza moteri kama daktari, sikio kwenye ubavu wake. Alipanda na Baba siku ya Jumatano, akalala kwetu, na Alhamisi asubuhi akasema kamyo iwashwe mbele yake. Baba akawasha, midomo yake ikaanza kucheza.

"Unafanya nini?"

"Napima."

"Kwa Baba Yetu? Eh, shofere! Njo maana taa haizimi, inangoja Amina." Akahesabu mwenyewe kwa vidole, moja, mbili, hadi akamaliza mikono yote miwili mara mbili. Taa ndipo ikazimika. Hakucheka tena.

Nilimfuata hatua kwa hatua, mikono mgongoni, kama mganga mmoja anavyomtazama mganga mwenzake. Kwanza aliuchomoa waya wa taa, akaurudisha, akauchomoa. "Waya muzima. Na kama taa njo ingekuwa inadanganya, ingedanganya na kule Baraka." Baba akasema labda ni vile vyuma laini vinavyoshika mhimili, vimekwisha, ndiyo maana mafuta hayana nguvu. Fundi akatikisa kichwa. "Ingekuwa vile, taa ingewaka moteri ikiwa moto, katikati ya mulima. Yako inasumbua ikiwa baridi, kisha inapona. Huu si uzee." Baba akasema labda mafuta ni mazito mno. "Mwaka jana ulitia mafuta gani?" "Haya haya." "Na baridi ya mwaka jana ilikuwa wapi, Ulaya?"

Kisha akachomoa kile kijiti cha chuma cha kupimia. Akakifuta, akakiingiza, akakichomoa, akakitazama kwa jicho moja.

"Mafuta yako inazaa?"

"Namna gani?"

"Imepita alama. Moteri zote za dunia zinakulaka mafuta. Yako inatapika."

Akaingia chini ya kamyo na beseni, akafungua kizibo cha kumwagia. Yalitoka mafuta kidogo, kama mtoto anayekojoa kwa aibu, yakakatika. Akachokoa na waya. Yakatoka tena kidogo, yakakatika. Akafunga, akarudisha yale ya beseni juu, akakaa chini, akasema polepole, kama anayejisomea: "Kuna kitu humu ndani. Fizi kinaganda, kinaziba kichungi cha pompi. Moteri ikipata moto, kinayeyuka. Baraka hakigandi hata usiku. Ni nini, sijui. Nimefungua moteri miaka yote, sijaona."

"Leo Alhamisi," Baba akasema.

"Najua."

"Yeye anakuja Jumamosi."

"Najua, ndugu yangu."

Baba akachomoa ufunguo. Akaufuta kwenye shati, upande huu na upande huu, akauweka mfukoni, akafunga na kishikizo. "Heri nimurudishie mwenyewe," akasema, "kuliko aniombe mbele ya watoto." Nikamwona macho. Yalikuwa mekundu.

Basi nikaelewa kosa langu, au nilidhani nimeelewa. Chupa moja! Mimi mtoto nilipewa mara tatu kwa siku, na kamyo nzima niliipa mara moja, nikaenda kucheza. Dawa ya nusu huuzidisha ugonjwa, kila mama anasema. Nikakimbia jikoni. Mama alikuwa amepata chupa mpya kwa shangazi. Asubuhi hiyo hakuwa ameipasha bado. Nikaikumbatia kwa mikono miwili, nikatoka nayo, nikasimama mbele ya Fundi Ramazani.

"Fundi," nikasema, "ile ya kwanza ilikuwa kidogo. Hii tutie yote."

Nikaipindua kumwonyesha kwamba imejaa.

Chupa ilisimama kichwa chini, mdomo wazi, mbele yetu watatu, na hakuna kilichoanguka. Hata tone. Mawese yalikuwa yamekaa ndani kama sabuni, ya rangi ya chungwa, magumu, yamelala usingizi wa Fizi.

Fundi Ramazani aliitazama chupa. Akaitazama kamyo. Akaitazama chupa. Kisha akalala chali pale pale, na ile kofia yake ikaingia kwenye mafuta, naye hakujali. Alicheka hadi kuku wakaondoka. "Allah! Allah! Shofere, moteri yako haiumwi! Moteri yako imekula!"

Baba hakucheka. Alinishika bega, si kwa nguvu. "Uliitia lini?"

"Siku ulienda Teritwari."

"Juu ya nini ulifanya vile?"

"Ilikuwa inakohoa."

Baba akaniachilia bega. Nyuma yake Mama alikuwa amesimama mlangoni na kisu cha mihogo. Alinitazama mimi, akaitazama chupa yake, akaipima kamyo kuanzia pua hadi mkia. Hakusema neno. Siku ile hakusema, wala kesho yake. Mama ambaye angeweza kugombana na mvua! Ukimya huo ndio ulioniogopesha kuliko bega, kuliko Bwana Kitambi, kuliko jehanamu ya padri.

Fundi alisema haina faida kumwaga mafuta Fizi, yatang'ang'ania ndani; mpaka kamyo ishuke ziwani, ipate moto. Tukashuka Alhamisi ile ile, mimi katikati yao. Kwenye kona za mlima harufu ilipanda, ya kweli, ya sombe, na safari hii tulijua ni ya nani. "Karibu chakula," Fundi akasema kila kona. Baraka, moteri ikiwa moto, alifungua kizibo na kila kitu kikatoka kwa mkupuo mmoja, cheusi chenye mishipa ya rangi ya chungwa. Akafungua sufuria ya chini ya moteri. Kichungi cha pompi kilikuwa kimevaa mawese yaliyochanganyika na masizi, kama mkono uliotoka kwenye bakuli. Nilipewa petroli, brashi na amri. Nilisugua hadi vidole vikabadilika rangi, na nikiinua kichwa watoto wa Baraka walikuwa ukutani wamepanga mstari: "Munganga wa kamyo! Njoo umutibu na baiskeli ya baba yetu, inalia!" Nikawaambia waniletee chupa kwanza. Baba alisikia. Nadhani pale ndipo alipogeuka kando kidogo, mabega yakamtikisika.

Wakaosha moteri kwa mafuta mepesi, wakayamwaga, wakatia mapya. Ijumaa tukapanda, na Bwana Kitambi mwenyewe akakaa mbele, kwa hiyo mimi nikapanda juu ya magunia. Hakuna aliyesikia njaa.

Jumamosi asubuhi ilikuwa baridi ya kusudi. Bwana Kitambi alikuja kutoka alikolala, kola juu, sigara mdomoni. Jirani na kuku wake walikuwepo. Baba alitoa ufunguo mfukoni. Akaupachika mahali pake. Akazungusha chuma. Kho. Akazungusha. Kho, kho, na moteri ikashika. Wote tukainama dirishani, vichwa vinagongana, midomo ya Baba ikafunguka kusema sala, na hakuna mahali pa kuisemea: taa ilikuwa imeshazimika.

Bwana Kitambi aliomba iwashwe tena. Ikazimika tena. Akalitazama lile jicho dogo jeusi muda mrefu, kama anayetaka lijitetee. Kisha akasema, "Bon," akapiga teke gurudumu kwa upendo, akaenda kunywa kahawa. Neno moja tu, la Kifaransa: vema. Baba alilirudia siku nzima, hata alipokuwa anakula. "Bon," alikiambia kijiko.

Lakini kabla ya kula kulikuwa na deni langu. Ufunguo ulikuwa salama, kamyo ilikuwa salama, nami nilikuwa nimebaki peke yangu uwanjani kama mti wa mwisho. Baba alienda nyuma ya nyumba, akarudi na fimbo ya mpera, imenyooka, haina jani. Akanionyesha mahali pa kusimama. Nikasimama. Nikakaza vyote vinavyokazika. Ndipo Mama akatoka jikoni anafuta mikono, akaingia kati yetu, akafungua mdomo kwa mara ya kwanza tangu Alhamisi, na alichosema ni hiki, sikuongeza wala kupunguza:

"Umuache, Baba Riziki. Mutoto mwenye kulisha hata kamyo, mama yake hatalala njaa. Leta iyo fimbo hapa, kuni zimekwisha."